Tumewaleta Wangapi?

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, katibu wa mtaa hutuletea fomu ya taarifa. Katika fomu hiyo, baada ya safu ya waliobatizwa na safu ya waliopata kipaimara, iko safu nyingine iliyoandikwa "Walioletwa kwa Bwana". Mwaka huu safu hiyo ilizusha mjadala mrefu katika kikao cha wazee wa kanisa. Wengine walisema tumelala usingizi, kwa kuwa hesabu yetu ni ndogo kuliko ya jirani zetu wanaohubiri sokoni kila Jumamosi kwa vipaza sauti. Wengine walisema hesabu si kitu. Ndipo mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akauliza: Huyo aliyeletwa, aliletwa na nani, na kwa njia gani? Swali hilo lilitunyamazisha sote. Sisi tuliokuwa walimu lilituchoma zaidi, na kabla ya kikao kwisha tulikuwa tumekiri jambo ambalo hatujapata kulisema mbele ya watu. Padre wetu akatuomba tuliandike.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba hatuna shaka juu ya wito wenyewe. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote, wala hakusema kwamba kazi hiyo ni ya mapadre na wainjilisti peke yao. Andrea, mara alipokwisha kumjua Bwana, alimtafuta Simoni ndugu yake kwanza. Ndivyo ilivyo. Mtu aliyeona maji wakati wa kiangazi, akawaficha jirani zake mahali kilipo kisima, hatumwiti mpole, twamwita mchoyo. Kwa hiyo neno letu si kuuliza kama imetupasa kuwasaidia wengine kuupata wokovu. Neno letu ni hili: kazi yetu yaishia wapi, na kazi ya Mungu yaanzia wapi? Maana twaona kwamba mtu aweza kukosea kwa kuvuka mpaka huo, na aweza pia kukosea kwa kutoufikia. Sisi tumekosea pande zote mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa mwaka 1985. Tulikuwa walimu Wakristo watatu katika shule ya msingi ya pwani, yenye watoto wengi wa Kiislamu na wachache wa Kikristo. Wenye umri wetu watakumbuka hali ya miaka ile. Sabuni ilikuwa adimu, kitambaa kilikuwa adimu, na mtoto aliyekuwa na sare mbili alihesabiwa tajiri. Basi kwa njia ya kanisa tukapata mzigo wa sare kutoka kwa marafiki wa nje, sketi na kaptura za buluu na mashati meupe. Tulifurahi sana. Tukakaa kushauriana jinsi ya kuzigawa, na hata leo hakuna mmoja wetu anayekumbuka ni nani aliyelisema neno lile kwanza. Labda tulilisema sote pamoja. Tulikubaliana kwamba mtoto yeyote atakayehudhuria mafundisho ya Jumapili miezi mitatu bila kukosa atapewa sare. Hatukumlazimisha mtu. Tulisema "yeyote", na neno hilo tuliliona kuwa la haki.

Watoto wakaja. Tulikuwa na watoto ishirini hivi, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa zaidi ya sitini. Tukaandika taarifa, tukapiga picha, tukawapelekea marafiki wale, nao wakajibu kwamba wanamshukuru Mungu kwa uamsho katika shule yetu.

Miongoni mwa watoto wale alikuwapo msichana wa darasa la tano, ambaye mama yake aliuza vitumbua kando ya barabara. Hakukosa hata Jumapili moja. Imani ya Mitume aliijua kabla ya watoto wa wazee wa kanisa. Miezi mitatu ilipotimia akapewa sketi yake na shati lake. Wiki moja baadaye, wenzake walipokwisha kutoka, yeye akabaki amesimama karibu na meza, akiukunjakunja upindo wa ile sketi kwa vidole. Akasema, "Mwalimu, nikiacha kuja Jumapili, nirudishe sketi?"

Tulicheka. Walimu hucheka wasipokuwa na jibu. Tukamwambia aende akacheze.

Kesho yake akaja mama yake. Alitusalimu vizuri, lakini tulipompa kiti hakukaa. Alikuwa na sketi na shati, vimefuliwa na kupigwa pasi, amevikunja ndani ya gazeti. Alisema maneno ambayo twaweza kuyarudia karibu yote. "Walimu wangu, mimi sina ugomvi na kanisa lenu. Nimekaa na Wakristo tangu utoto wangu, nimekwenda kwenye misiba yao nao wamekuja kwenye ya kwetu. Lakini mwanangu ameanza kunidanganya. Kila Jumapili huniambia anakwenda kuteka maji. Mimi sikumfundisha uongo, na najua ninyi pia hamkumfundisha. Sasa mnisaidie, umetoka wapi?"

Hatukuwa na la kumwambia. Tulimsihi aichukue sketi, kwamba ni ya mtoto, hakuna masharti tena. Akasema asante, akatuaga, akaenda zake. Sketi ile ilikaa katika kabati la ofisi pamoja na chaki hadi mwaka uliofuata.

Ndugu wasomaji, mtoto yule hakuwa mwongo. Uongo tuliupanda sisi, tena tuliupanda kwa jina la Yule aliye Kweli. Tulipokuwa tukifundisha Jumapili tulikuwa tumewasomesha watoto sura ya 23 ya Mathayo, mahali Bwana anapowakemea waandishi na Mafarisayo waliozunguka baharini na nchi kavu ili wampate mwongofu mmoja, kisha wakamfanya kuwa mbaya kuliko wao wenyewe. Tuliwaeleza watoto kwamba Mafarisayo walikuwa watu wa zamani.

Mtu atasema: Lakini Kanisa siku zote limekwenda na mkate mkononi. Neno hilo ni kweli, na halifai kupitwa haraka, hasa na sisi tuliozaliwa katika Kanisa lililopandwa na UMCA. Askofu Tozer na Padre Steere walipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule ya misheni kisiwani. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa Wakristo. Chakula, kitanda, kitabu na imani vyote vilikuja katika sahani moja. Hata hivyo mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Na yuko Cecil Majaliwa, Myao aliyefika Unguja kwa njia ya utumwa naye akalelewa na misheni. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, huko kusini, kwa watu wa asili yake. Na mwaka 1890 akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. Je, tuseme kwamba imani yao haikuwa ya kweli kwa sababu ilikuja pamoja na chakula? Hasha. Asiyeamini na aende Masasi, akawatazame wajukuu wa waliohubiriwa na watu wa namna hiyo.

Lakini jahazi na sketi si jambo moja. Mtoto aliyetolewa jahazini hakuwa na mama wa kumrudia, wala hakujua njia ya kwao. Mwenye kumpokea ilimpasa ampe yote aliyo nayo, na imani ilikuwa miongoni mwa hayo yote. Kumlisha na kumnyima imani ingekuwa kumlea nusu. Tena hakuambiwa kwamba asipoungama hatakula. Mtoto wetu wa darasa la tano alikuwa na mama, alikuwa na nyumba, alikuwa na dini ya wazazi wake. Sisi hatukumwokota popote. Tulisimama kati yake na mama yake tukiwa na kitambaa mkononi.

Na Majaliwa mwenyewe atufundishe. Kule Chitangali alikwenda pamoja na mkewe, akakaa na watu, akasema nao kwa lugha waliyonyonya. Twaamini kwamba hiyo ilimsaidia kuliko bidhaa yoyote ambayo angeweza kubeba.

Halafu tulikuwa na shule. Kwa miaka mingi katika nchi zetu kusoma na kuwa Mkristo vilikuwa karibu neno moja. Kule Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Mzazi aliyetaka mtoto wake asome alijua kwamba huenda akarudi na jina jipya. Mwaka 1969 Serikali ya Tanzania ilipozitwaa shule za misheni, wazee wetu wengi walihuzunika, wakasema sasa Kanisa litakufa, maana tumenyang'anywa mlango. Halikufa. Watu waliendelea kuja ingawa hatukuwa tena na darasa la kuwapa. Mara nyingi tumewaza kwamba labda siku ile tulipokonywa kitu kizuri, na pamoja nacho tukaondolewa jaribu.

Chuoni, tulipokuwa tukijifunza ualimu, mkufunzi wetu alizoea kusema kwamba mwalimu hawezi kujifunza kwa niaba ya mwanafunzi. Aweza kueleza, kuchora ubaoni, kurudia, kuuliza, kungoja. Lakini kuelewa ni tendo la mtoto mwenyewe, na hutokea mahali ambapo mwalimu hafiki. Mtoto anayenakili jibu la mwenzake hupata tiki katika daftari, na daftari lake kwa macho ni zuri. Bali hajui hesabu ile. Basi mtu anayekuja kanisani kwa ajili ya sketi amenakili jibu. Wala kosa si lake. Ni la aliyetunga mtihani kwa namna ambayo kunakili ndiyo njia rahisi ya kufaulu.

Baada ya siku ile tulianza kuisoma Injili tukimtazama Bwana jinsi alivyowaachilia watu. Kijana tajiri alipouliza habari za uzima wa milele, Bwana alimtazama akampenda, akamwambia ukweli, na kijana akaenda zake akiwa na huzuni. Hatusomi kwamba Bwana alimkimbilia na kumpunguzia sharti. Filipo naye alipanda garini mwa yule towashi Mkushi, akamweleza Maandiko, akambatiza; kisha akaondolewa pale, na towashi akaendelea na safari yake akifurahi. Filipo hakumwona tena. Hatujui ni katika taarifa ya mwaka gani angemwandika.

Zaidi ya yote twawakumbuka wale wenye ukoma kumi wa Luka 17. Kumi waliponywa, mmoja akarudi kushukuru. Bwana aliuliza habari za wale tisa, na mtu akisoma kwa makini atasikia uchungu katika swali lile. Lakini hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia njiani. Hawakuambiwa warudishe ngozi zao. Laiti tungalikuwa na jibu hilo siku ile mtoto alipotuuliza!

Hapa ndipo baadhi ya wasomaji watakapodhani kwamba tunataka kusema: Basi, waacheni watu na dini zao, tendeni wema mwende zenu. Ni methali nzuri, nasi tulijificha nyuma yake miaka mingi. Maana baada ya jambo la sketi tulifanya kosa la pili, nalo lilikuwa refu zaidi kuliko la kwanza.

Tulinyamaza. Tuliendelea kusali, kutoa zaka, na kuwahesabia akina Mama mapato ya mauzo yao, lakini kumwambia mtu habari za imani yetu hatukuthubutu tena. Tulisema kwamba dini ni siri ya mtu, na kwamba nchi yetu ina amani kwa sababu watu hawaingiliani. Watu wakatusifu kwa busara. Amani hiyo ni kweli, tena ni tunu, wala hatutaki mtu aichezee. Ila tukisema ukweli, sehemu kubwa ya busara yetu ilikuwa aibu, na sehemu nyingine ilikuwa uvivu.

Alikuwapo mwalimu mwenzetu wa hisabati. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga huko bara, lakini tangu mkewe afariki hakuingia kanisani. Kwa miaka 11 tulikaa naye ofisi moja. Tulikunywa chai pamoja, tukabishana habari za Simba na Yanga, tukalalamikia mishahara iliyochelewa. Mwaka 2009 aliugua. Sukari ilikuwa imemharibu mguu, akalazwa. Tukaenda kumwona, sisi wawili tuliokuwa bado pale. Tulimpelekea machungwa na salamu za shule. Tulipotaka kuondoka akatushika mkono, akasema, "Jamani, kila Jumapili mimi nilikuwa nakaa barazani nawaona mkipita na vitabu vyenu. Miaka kumi na moja. Hamkunikaribisha hata siku moja. Nilidhani mmenipima mkaona sifai."

Tukamjibu kwamba tuliogopa kumsumbua. Akasema, "Mngenisumbua tu."

Tuliomba pamoja naye, kwa maneno machache, maana wauguzi walikuwa wakitutoa. Padre alifika kesho yake na Sakramenti, akamkuta hajitambui, akampaka mafuta. Siku ya tatu akafariki. Habari zake zilizosalia ziko kwa Mungu, ambaye ni mwema kuliko sisi.

Kwa hiyo yule mtoto tulimvuta, na yule mwenzetu tulimpita. Tulidhani kwamba kunyamaza ni kumheshimu, kumbe yeye alisoma dharau. Nasi hatuwezi kusema alisoma vibaya. Mtu asiyeambiwa kitu miaka 11 atajuaje kwamba ukimya wetu ni wa heshima?

Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anasema habari za mlinzi aliyewekwa kuutazama upanga unapokuja. Akiuona asipige tarumbeta, na watu wakifa, damu yao itatakwa mkononi mwake. Akipiga, na mtu asisikie, mlinzi ameokoa roho yake. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi, na mwaka huu tu ndipo tulipoona kwamba hapo hapana hesabu. Mlinzi haulizwi ni wangapi waliotoka nyumbani. Anaulizwa kama alipiga. Wala hapewi ruhusa ya kuvunja milango.

Namna ya kupiga tarumbeta hiyo ndiyo kazi, na hapo hatuna budi kukiri kwamba wako ndugu waliotutangulia. Sisi wa upande wa UMCA tulizoea kuwacheka kidogo ndugu zetu wa Uamsho. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walisoma Biblia na kuomba pamoja kule Namirembe. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, katika Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Ndugu hao wakikutana nawe njiani waliweza kukuuliza, "Umeokoka lini?" Swali hilo halikutupendeza, wala hata leo halitupendezi sana, kwa kuwa tulifundishwa kwamba wokovu si tarehe, huanza katika Ubatizo, hukua katika Ekaristi, na hautakamilika upande huu wa kaburi. Tunashikilia fundisho hilo. Lakini kitu kimoja ndugu wale walikijua ambacho sisi hatukukijua: kabla ya kusema "wewe" walisema "mimi". Mtu alisimama akataja dhambi yake mwenyewe, wizi wake, chuki yake kwa mzungu au kwa jirani, kisha akasema jinsi alivyosamehewa. Msikilizaji hakuwa na cha kubishania wala cha kupewa.

Tungaliweza kusema hivyo na mwalimu wa hisabati. Wala haikuhitaji mahubiri. Sisi pia tulikuwa tumefiwa. Tungaliweza kumweleza, katika mojawapo ya siku zile nyingi za chai, jinsi tulivyoshikiliwa tusianguke, na kumwambia kwamba Jumapili kuna nafasi kando yetu. Kisha angekuja au asingekuja.

Katika kikao tulipendekeza kwamba unga wanaougawa akina Mama kwa wagonjwa na wajane usigawiwe siku ya mahubiri, wala usiandikwe katika daftari moja na mahudhurio. Mjumbe mmoja alipinga. Alisema wafadhili wanataka kuona matunda, na wasipoona watapeleka unga kwingine. Hoja yake si ya kupuuzwa, maana njaa ni njaa. Lakini sisi tulipata kuwapelekea wafadhili picha nzuri sana mwaka 1985. Kuhusu vipaza sauti vya sokoni hatukusema mengi, ila kipaza sauti kina kasoro hii, kwamba hakisikii. Yule mama hakuwa na sauti kubwa.

Yeye tulimwomba radhi mwaka 1991, tulipokutana naye kwenye msiba. Alituambia kwamba alitusamehe siku ile ile, ila sketi ndiyo hakuitaka. Binti yake aliolewa, ana watoto wakubwa sasa, naye ni Mwislamu mwema. Tukikutana hutuamkia na kuuliza hali ya walimu wale wengine.

Fomu bado iko mezani kwa katibu, na ile safu haijajazwa. Kikao kitaendelea Jumamosi ya pili ya Desemba, saa nne, baada ya usafi wa kanisa.